Fundi aliyepima kwanza: tathmini ya karakana moja ya kompyuta mtaa wa Langoni, Lamu

Karakana ninayoiandikia tathmini hii haina jina lililoandikwa popote. Imo katika kichochoro kimoja cha Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na alama pekee ya kuitambulisha ni kibodi kongwe iliyotundikwa msumarini kando ya mlango, imeng'oka herufi tatu au nne. Nilifika hapo mara ya kwanza mwezi wa saba, nikiwa na kompyuta ya mezani iliyokataa katakata kuwaka, na nikiwa nimekwisha kuambiwa na fundi mwingine kwamba mashine hiyo imekufa na kilichobaki ni kuizika. Miezi mitatu imepita tangu siku hiyo na mashine inafanya kazi kila siku, kwa hivyo naona nina haki ya kueleza niliyoyashuhudia, mazuri yake na mabaya yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu nilipoacha kufundisha nimekuwa nikifanya kazi za uchapaji nyumbani kwangu Mkomani: kadi za harusi, mitihani ya madrasa, barua za watu wasiopenda kuandika wenyewe, na fomu za serikali ambazo siku hizi hazijazwi ila kwenye intaneti. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ilikwisha kutumika Uingereza kabla ya kuletwa nchini, na ni lile kasha kubwa la chuma ambalo watu wengi hapa huliita sipiyu ijapokuwa neno hilo kwa haki ni la kijidude kimoja tu kilichomo ndani yake. Mfungo Sita ulikuwa unakaribia, nami nilikuwa nimepokea kazi ya kuchapa ratiba na mialiko ya Maulidi ya mtaani. Yeyote aliyewahi kuishi Lamu katika mwezi huo anaelewa kwamba kazi ya namna hiyo haina kesho.

Usiku wa kuamkia Alhamisi umeme ulikatika mara tatu katika muda usiozidi saa moja, ukirudi kwa kishindo na kuondoka tena kabla taa hazijatulia. Kompyuta niliizima kwa kitufe chake lakini sikuichomoa ukutani, kosa ambalo sikulijua kuwa ni kosa. Asubuhi nilipobonyeza kitufe cha kuwasha, feni ya nyuma iligeuka kiasi cha nusu duara, ikasimama, na hapakufuata kitu. Nikabonyeza tena, ikawa vile vile. Naitaja ile nusu duara makusudi, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi mkubwa baadaye, na kwa sababu fundi wa kwanza hakutaka hata kuisikia.

Fundi huyo wa kwanza, ambaye sitamtaja wala kutaja alikotoka, alikuja nyumbani, akabonyeza kitufe mara mbili, akaliinamia kasha bila kulifungua, akanitolea hukumu: mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote vya kompyuta, imeungua. Aliposema hivyo alikuwa bado hajavua mkoba wake begani. Akaniambia yuko tayari kuichukua mashine kwa shilingi 2,000 ili apate vipuri, na kuniuzia nyingine kwa shilingi 32,000. Simwiti mwizi, kwani huenda aliyasema kwa nia safi. Lakini daktari anayemwandikia mgonjwa cheti cha kifo bila kumshika mkono hatumwiti daktari. Nikamlipa nauli yake, tukaagana kwa heshima.

Jirani yangu ndiye aliyenipa nambari ya simu ya karakana ya Langoni. Aliyepokea alikuwa kijana, nami nikamtarajia aniambie nilete mashine aione, basi. Badala yake, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza maswali ambayo kila moja lilinifanya nifikiri: je, kabla ya kuharibika umeme ulikuwaje? Je, ukibonyeza kitufe kuna taa yoyote inayowaka, hata ya sekunde moja? Je, feni inageuka? Kuna mlio? Kuna harufu ya kuungua? Nilipomweleza habari ya feni kugeuka nusu duara na kusimama, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiamu chake, "Ndoo nayo, mwalimu, na waya wake usiuwate." Niliona ajabu kutakiwa niende na waya, kwani waya wa namna ile uko katika kila duka. Sababu nilikuja kuijua pale pale karakanani.

Mtaani kwetu gari haliingii, kwa hivyo hamali alilisukuma kasha kwa mkokoteni kupitia pwani, kisha akalibeba begani pale kichochoro kilipokuwa chembamba. Shilingi 200. Chumba cha karakana hakizidi ukubwa wa daka la nyumba ya kale. Kuna meza moja ndefu, rafu zilizosheheni makasha yaliyofunguliwa kama samaki waliopasuliwa, feni ya dari, na mwanagenzi wa kike wa miaka kama kumi na minane ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kuandika kila kipimo katika daftari la mistari. Daftari hilo lilinivutia tangu mwanzo. Kila mashine ina ukurasa wake, na vipimo huandikwa kabla ya neno lolote kuhusu kilichoharibika.

"Tupime kwanda," kijana akasema, na kwa muda wa saa moja na nusu iliyofuata sikusikia akitaja jina la ugonjwa.

Alianzia mbali na kompyuta kadiri ilivyowezekana, akawa anasogea kutoka ukutani kwenda ndani. Kwanza aliuchukua ule waya wangu, akaifungua plagi kwa bisibisi na kutoa fyuzi iliyomo. Plagi zetu za miguu mitatu tulizirithi kwa Waingereza, na ndani ya kila moja mna fyuzi ndogo kama kidonge kirefu. Fyuzi hiyo ikikatika, kompyuta nzima huonekana imekufa ilhali ni mzima wa afya. Aliipima kwa mita ya umeme, mita ikalia, maana yake njia ya umeme iko wazi. Akaupima na waya wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho huku akiukunja hapa na pale, kwani waya unaweza kuwa umekatika ndani na nje usionyeshe jeraha. Mzima. Ndipo aliponieleza kwa nini hutaka kila mteja aje na waya wake: amewahi kupokea mashine nyingi zilizowaka mara tu alipozichomeka kwa waya wa karakana, na zote zikarudi nyumbani kwenda kufa tena kwa waya ule ule wa zamani.

Baada ya hapo aligeuza kasha akanionyesha kitufe kidogo chekundu kilicho nyuma, kando ya tundu la waya, chenye nambari mbili, 115 na 230. Nchi kama Marekani hutumia umeme wa volti 120 hivi, na sisi Kenya tunatumia 240. Mashine ya zamani yenye kitufe hicho ikiwekwa kwenye 115 halafu ichomekwe katika ukuta wetu, hupasuka mara moja. Watoto hupenda kukichezea. Changu kilikuwa mahali pake. Kisha akaondoa waya wa kitufe cha mbele na kugusisha vijiti viwili vya ubao kwa ncha ya bisibisi, ili ajue kama kitufe chenyewe ndicho kibovu. Feni ikageuka nusu duara, ikasimama. Mwanagenzi akaandika: kitufe kizima.

Hapo ndipo walipolifungua kasha vizuri, na hapo ndipo nilipoona aibu. Ndani mlikuwa na vumbi jeupe la chokaa, kwa kuwa nyumba yangu ni ya mawe ya kale na kuta zake zinapukutika kila upepo unapovuma, na katika kona ya chini, karibu na feni, mlikuwa na mayai mawili ya mjusi, meupe na ya duara kama tembe za dawa. Mwanagenzi aliyaokota kwa kipande cha karatasi bila kucheka, akasema hiyo si mara ya kwanza. Lililomshughulisha kijana zaidi ni ukoko wa kijani kwenye skrubu na kwenye kingo za bati. Alinieleza kwamba hewa ya bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi ukikaa juu ya shaba hula polepole hadi miguso ikawa haigusani tena. Mashine inayokaa bila kuwashwa kwa wiki kadhaa wakati wa kusi huumia zaidi kuliko inayotumika kila siku, kwani joto lake yenyewe huikausha. Akaniuliza meza yangu iko wapi. Nikajibu kwamba iko chini ya dirisha linaloelekea baharini, kwa ajili ya upepo. Hakusema kitu, lakini mwanagenzi aliandika hilo pia.

Sasa nifike kwenye pawa saplai, yaani lile sanduku la chuma ndani ya kasha linalopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo ambao kompyuta inauweza. Hapa ndipo kazi ya kijana huyu ilipoonyesha thamani yake, kwa hivyo nitaeleza kwa urefu. Kutoka katika sanduku hilo hutoka nyaya za rangi, na kila rangi ina maana yake: njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya chungwa ni volti 3.3, nyeusi ni za kurudisha, na ya zambarau ni volti 5 za kusubiri, ambazo huwapo hata mashine ikiwa imezimwa mradi tu imechomekwa ukutani. Alianza na hiyo ya zambarau. Mita ikasoma volti 5 na ushei. Maana yake sanduku halikufa kabisa, lilikuwa linapumua.

Kisha akachomoa plagi kubwa yenye matundu 24 kutoka kwenye ubao, akakunja kibanio cha karatasi kama herufi ya U, akaunganisha waya wa kijani na mweusi ulio jirani yake. Waya wa kijani ndio unaopokea amri ya kuwasha, na ukiugusisha na mweusi unalidanganya sanduku liamini kwamba kitufe kimebonyezwa. Feni yake ikazunguka. Akapima waya wa njano: volti 10.4. Akaambatisha diski moja kongwe ili sanduku libebe mzigo kidogo, akapima tena: 9.7, na ikawa inashuka huku tunaitazama. Umeme huo wa volti 12 unaruhusiwa kuyumba kwa asilimia 5 tu kila upande, yaani usiwe chini ya 11.4 wala usizidi 12.6. Kwa lugha ya kijana, hiyo ni punda aliyesimama vizuri zizini lakini ukimpakia gunia moja anapiga magoti. Ndiyo sababu feni yangu ilikuwa ikigeuka nusu duara: ubao ulikuwa unaomba umeme, unapewa kidogo, na mashine inajizima kabla haijadhurika.

Nilimwomba afungue lile sanduku anionyeshe kilichoungua, kwa kuwa udadisi wa mwalimu hauishi hata akistaafu. Alikataa, tena kwa adabu lakini bila kutetereka. Ndani ya sanduku mna kapasita zinazohifadhi umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani, na mtu anaweza kupigwa nao akiwa ameshika kitu anachodhani kimelala. Akaniambia sanduku la namna hiyo hubadilishwa lote, na kwamba fundi anayelitengeneza kwa bei rahisi mbele ya mteja anacheza na roho mbili. Nililipenda jibu hilo kuliko ambavyo ningeyapenda yale maonyesho niliyoyataka.

Wengi wangeishia hapo, wakauza pawa saplai na kudai fedha. Kijana alichukua sanduku zima kutoka rafuni, lile analolitumia kwa majaribio, akaliunganisha na ubao wangu nje ya kasha. Feni zikazunguka na zikaendelea kuzunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Kisha kutoka katika kispika kidogo cha ubao ukatoka mlio mrefu, kimya, mlio mrefu tena, kimya, kama mtu anayeita kwa mbali.

Nilivunjika moyo, nikadhani fundi wa kwanza alikuwa na haki. Kijana alifurahi. Alichomoa vijiti vyote viwili vya kumbukumbu, vile vya RAM, akawasha tena bila kijiti hata kimoja, na mlio ukawa ule ule. Alinieleza kwamba mashine, kabla haijaonyesha picha yoyote, hujikagua yenyewe, na ikikosa kumbukumbu hulia kwa namna ambayo kila mtengenezaji wa ubao ameiamua. Ndiyo maana alikuwa amefungua kitabu cha maelezo cha ubao huu katika kompyuta yake, asitegemee mazoea. Lakini ili ubao uweze kujikagua na kulia, lazima uwe hai, na prosesa, ile sipiyu ya haki inayofanya hesabu zote za mashine, iwe hai. "Maiti hailalamiki, mwalimu," akasema. Basi mazabodi iliyohukumiwa kifo nyumbani kwangu ilikuwa inalalamika kwa sauti mbele ya mashahidi watatu.

Vijiti vyangu vilikuwa na doa la kijani kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, kimoja zaidi ya kingine. Mwanagenzi alivipeleka mbali na ubao, akavisugua kwa raba nyeupe ya shule, polepole, kwa upande mmoja tu, akavipangusa kwa brashi laini na kisha kwa kitambaa chenye spiriti, akavingoja vikauke. Nyufa za ubao zenye kupokea vijiti hivyo alizisafisha kwa brashi ile ile. Kabla ya kugusa chochote, nilimwona kila mara akiweka kiganja kwenye chuma cha kasha ili kuutoa umeme wa mwilini. Hakuwa na ule mkanda wa mkononi ambao mafundi wa mijini huuvaa, lakini hakusahau hata mara moja. Wakarudisha kijiti kimoja tu, katika tundu la kwanza. Picha ikatoka. Wakakihamishia tundu la pili. Picha. Wakajaribu cha pili peke yake, halafu vyote pamoja. Sikudhani kwamba kuona maandishi meupe kwenye skrini nyeusi kunaweza kumfurahisha mtu kiasi kile.

Wakati huo aliingia kijana mwingine, mteja, amebeba mashine aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande, akilalamika kwamba feni zote zinazunguka ila skrini haina kitu. Fundi aliinama, akanyosha kidole bila kugusa: plagi ndogo ya matundu manne karibu na prosesa ilikuwa inaning'inia hewani. Prosesa hupata umeme wake kwa njia hiyo, na isipochomekwa feni huzunguka bure. Kazi ya sekunde tatu, na mteja hakutozwa kitu.

Mashine yangu ilipowaka ilidai kwamba tuko katika mwaka wa 2009. Hiyo ilikuwa betri ya saa, ile ya duara kama sarafu inayokaa juu ya ubao, ambayo ikiwa mpya huwa na volti 3. Yangu ilisoma 2.1. Ningeweza kupuuza tarehe, lakini kijana aliniuliza kama siku za karibuni nilikuwa nikipata taabu kufungua tovuti za serikali, na ni kweli, kwa wiki kadhaa zilikuwa zikinikatalia kwa maneno ya vitisho kwamba si salama, nami nikawalaumu wenye tovuti. Kumbe tovuti za namna hiyo huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka wa 2009 huona kila cheti ni cha uongo. Nimewalaani watu wengi wasio na hatia.

Jambo jingine lililonipa imani ni la diski. Kabla hata ya kuijaribu pawa saplai kwenye ubao wangu, aliniuliza kama humo mna kazi nisiyoweza kuipoteza, akaichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake mbele ya macho yangu na kunakili kila kitu katika diski ya nje niliyokuja nayo. Ilichukua zaidi ya saa moja. Hakufungua faili hata moja, na skrini aliigeuzia upande wangu muda wote. Kwa mtu anayechapa barua za watu, zikiwamo za talaka na za madeni, hilo si jambo dogo.

Kuhusu gharama, uchunguzi ni shilingi 500, na fedha hizo huingizwa katika hesabu ukikubali kutengenezewa. Nililipa jumla ya shilingi 4,450: pawa saplai mpya 3,500, betri 150, na usafi pamoja na kazi 800. Sanduku jipya limeandikwa wati 500, lakini kijana alinionya nisiyaamini sana maandishi ya sanduku la bei hiyo, akalipima uzito mkononi akililinganisha na jingine, akasema mashine ya ofisi kama yangu mara nyingi haifiki hata wati 200, kwa hivyo litatosha. Ni muuzaji wa nadra anayekipunguzia sifa kitu anachokuuzia.

Sasa nije kwenye lawama, kwani zipo. Niliahidiwa mashine Ijumaa asubuhi nikaipata Jumamosi baada ya alasiri, na hapana aliyenipigia simu. Ijumaa nilikwenda nikakuta mlango umefungwa tangu saa tano hadi saa kumi, jambo la kutarajiwa, ila kibao cha kuarifu saa za kazi kingenipunguzia safari. Risiti haitolewi mpaka uiombe, na nilipoiomba iliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari lile lile, ingawa ilitaja kila kitu vizuri pamoja na dhamana ya mwezi mmoja. Dhamana hiyo ni ya pawa saplai peke yake. Mwezi mmoja ni mfupi kwa kifaa kinachoishi kwenye umeme wa kuyumbayumba, na ningetamani iwe mitatu. Chumba kina joto kali, kiti cha mteja ni kimoja, na wazee tunaopata taabu ya magoti tunapanda ngazi mbili za mawe zilizolika katikati. Wenye kompyuta za kupakata nao wapige simu kwanza, kwani kijana mwenyewe hukiri kwamba kazi ya kulehemu vipande vidogo haimo katika uwezo wake, na huwaelekeza Mombasa.

Hawauzi vifaa vya kulinda umeme, na hilo nalo naliona ni pengo, maana ndicho kitu ambacho kila mteja wao anatoka pale akikihitaji. Alinishauri ninunue UPS ndogo, yaani kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, akafafanua kwamba si kwa ajili ya kufanya kazi gizani, bali kunipa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu, na kwamba betri yake nayo huchoka baada ya miaka michache na lazima ibadilishwe. Niliiagiza Mombasa, ikaja kwa basi hadi Mokowe na kwa mashua hadi huku, na usafiri peke yake ukanigharimu karibu thamani ya ule uchunguzi. Meza nimeihamisha kutoka dirishani. Kasha halikai tena sakafuni, na nyuma yake, penye matundu, nimebandika wavu mwembamba ambao hewa inapita na mjusi hapiti.

Ratiba za Maulidi zilichapwa Jumapili usiku. Umeme ulikatika mara moja katikati ya kazi, UPS ikaanza kupiga kelele zake, nami nikahifadhi, nikazima, na safari hii nikachomoa ukutani.

Pawa saplai ya zamani nilirudishiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na juu yake mwanagenzi amebandika karatasi yenye tarehe na maneno haya: njano 10.4, kwa mzigo 9.7, isifunguliwe. Ni nzito. Naitumia kuzuia mlango wa ukumbi usibamizwe na kusi, na karatasi bado ipo.